Kontrefo ya Sita

Mume wangu Octave anajua jina la kila kipande cha kanisa letu la misheni, lakini soksi zake hajui ziko wapi. Naanza na hilo makusudi, ili mjue mapema ni mtu wa namna gani ninayemweleza, na ili asije akavimba kichwa watu wakimwambia kwamba mkewe amesimulia habari zake.

Ni sakristen. Kazi yake ni kushika funguo, kuwasha mishumaa, kukunja mavazi ya padiri, kupiga kengele, na kufukuza mbuzi wanaoingia kanisani kutafuta kivuli. Kanisa lenyewe liko nje kidogo ya Kasongo, kwenye njia ya kwenda Kabambare, na hata mtu anayewahi dhahabu ya Salamabila, amepakiwa kwenye pikipiki na mizigo yake yote, hugeuza shingo kulitazama. Ni la matofali mekundu ya kuchoma, kuta nene, madirisha madogo yenye kichwa cha mviringo. Juu yake, chini ya mabati, kuna dari zito la matofali lililopindwa kama mtumbwi uliogeuzwa. Chini ya dari hilo nilibatizwa, chini yake nikaolewa, na binti yetu Naomie alipata kipaimara humo humo.

Wakati wa vita, maktaba ya mapadiri iliporwa. Watu walibeba viti, wakabeba taa, wakang'oa mpaka bawaba za milango. Octave, ambaye siku zile alikuwa kijana ananifuatafuata, alirudi na kurasa kumi na moja za kitabu. Wenzake walirudi na magodoro! Nilipomuuliza atanipa nini nikikubali kuolewa naye, alinionyesha kurasa hizo. Mwanamke mwenye akili angekimbia siku ile ile.

Zilikuwa kurasa za kitabu cha Kifaransa juu ya makanisa ya kale ya Ulaya, yale ya matao ya mviringo wanayoyaita ya kiromani. Kanisa letu lilijengwa na watu waliokuwa wakiiga mtindo huo, na ndiyo sababu zile picha zilimwingia moyoni. Kila kipande cha jengo kilichorwa mshale mdogo, na mwisho wa mshale jina. Kurasa za maelezo, zile zinazosema kila kipande kinafanya kazi gani, hazikuwamo. Hizo zilikwenda sokoni kufungia karanga, na huenda karanga zenyewe nilizila mimi. Octave hakuona pengo lolote. Miaka ilipopita alibandika kurasa zake kwenye kaye, daftari la shule la Naomie lililobaki nusu, akakariri majina kumi na mawili, na tangu siku hiyo Kasongo haikupumzika.

Nefu, ile sehemu ndefu ya katikati wanapokaa waamini. Abside, ule ukuta uliopinda nusu duara nyuma ya altare. Timpano, kile kipande cha nusu mwezi juu ya mlango mkubwa. Vuti, lile dari la matofali. Aliyatamka kama mtu anayemung'unya muwa. Mtu amefiwa, yuko analia, Octave anamkaribia na kumwambia: "Pole sana ndugu yangu. Jeneza itapita kati ya nefu." Nyumbani veranda yetu ikawa narteksi, kwa sababu kitabu kilisema ukumbi wa mlangoni unaitwa hivyo. Uwazi wa juu ya mlango wa jiko, unaotoa moshi, ukawa timpano. Siku moja nilikuwa na ndoo ya maji kichwani, akaniambia nipitie kolaterali, yaani kile kichochoro kati ya nyumba na banda la kuku. Nilimmwagia ndoo yote.

Watu wa mtaa wakamwita Baba Abside. Yeye alifikiri ni heshima.

Sasa nieleze habari ya furu, kwa maana bila hiyo hadithi hii haina kichwa wala miguu. Mimi naoka mikate. Zamani nilikuwa naoka ndani ya pipa lililokatwa: nusu ya mikate inaungua, nusu inabaki bichi katikati, na wateja wananitazama kama nimewatukana. Nilitaka furu ya matofali, tanuri la kweli. Nikamsumbua Octave miezi miwili. Nilimsumbua asubuhi akivaa, nikamsumbua mchana akila, nikamsumbua hata siku ya Bwana baada ya misa. Yeye kila mara: "Matofali nitatoa wapi, Mama Naomie?"

Basi miaka minne iliyopita upepo uliangusha mchikichi nyuma ya kanisa, upande wa makaburi, ukapiga kichwa cha kontrefo moja. Kontrefo ni zile nguzo nene za matofali zinazoegemea ukuta kwa nje. Ziko sita upande wa barabara na sita upande wa makaburi. Ile ya mwisho upande wa makaburi ilimeguka juu, matofali yakatawanyika kwenye majani. Padiri tuliyekuwa naye wakati ule alikuwa mgonjwa kule Kindu, hakuna wa kuuliza. Nikamwambia Octave: "Baba Naomie, Mungu amejibu. Matofali ndiyo haya."

Alikwenda kufungua kaye yake. Akakuta kwamba kwenye ukurasa wenye neno kontrefo walichora pia majani ya mawe, maua, na vichwa vya simba. Akafikiri kidogo, akatoa hukumu: "Kontrefo ni pambo tu. Iko sawa vile hereni zako."

Nikamjibu: "Basi hereni moja nipe mimi, nijengee furu."

Mnisikilize vizuri hapo. Hakutosheka kuokota yaliyoanguka. Alibomoa nguzo yote mpaka chini, tofali moja moja, kwa upole, kwa wiki mbili. Halafu akapaka udongo mwekundu pale ukutani, akapanda maua chini, na mwaka ulipopita huwezi kujua kwamba palikuwa na kitu. Furu yangu ikasimama nyuma ya nyumba, na mikate ikawa mikate. Nilifurahi sana, siwezi kuwadanganya.

Mwaka jana, mvua zilipochachamaa, ufa ukatokea kwenye vuti. Ulianza kama uzi. Kisha vumbi likawa linadondoka juu ya wanakwaya, na Jumapili moja kipande cha tofali kikaanguka mbele ya altare wakati wa Utukufu. Padiri wetu mpya, Padiri Ruphin, ni kijana na hana mchezo. Aliandika barua, na jimbo likatuma injinia, mwanamke mmoja kutoka Bukavu aitwaye Yvette. Akisema kanisa ni la hatari na haliponi, litabomolewa, na sisi tutajengewa hangari ya miti na mabati.

Octave alikosa hamu ya kula. Mimi nimeishi naye miaka ishirini na sita, malaria haikuwahi kumwondolea hamu ya kula. Alikuwa anakaa na sahani ya bugali na sombe mbele yake, anaitazama tu, anasema: "Hangari iko na nefu gani? Hangari iko na abside gani?" Nilitaka kumcheka, nikashindwa. Kanisa lile ndilo kitu pekee alichowahi kukiona kikubwa na kukijua chote, au ndivyo alivyodhani.

Siku ya injinia ilipofika, alivaa shati lake la Pasaka. Alisema akimweleza kwamba kanisa ni la kiromani, na akimtajia majina yote kumi na mawili, hatathubutu kuligusa. Mimi nilioka mikate mapema nikaleta na chai, kwa sababu mgeni ni mgeni hata akija kukubomolea.

Mzee Mahamudu naye aliitwa aje na ngazi yake ndefu. Huyu ni fundi wa kujenga, Mwislamu wa mjini, na babu yake ndiye aliyechoma matofali ya kanisa letu na kuyapanga. Babu huyo alichanjana na babu yake Octave, wakawa ndugu wa damu, na tangu hapo nyumba zile mbili ni watani. Mnajua utani. Mahamudu anaweza kuingia kwangu akafunua sufuria akachukua nyama, nami nikikasirika ni aibu yangu. Octave alipotaka kuoa, Mahamudu alikwenda kwa baba yangu kumwambia kwamba bwana harusi anakojoa kitandani. Ndio utani huo.

Tukaingia kanisani sisi watano: Padiri, injinia, Mahamudu na ngazi, Octave na kaye yake, mimi na chai. Octave akaanza. Nefu hii. Transepti hii, mikono ya msalaba, kulia na kushoto. Vile vichwa vya nguzo vinaitwa shapito. Yale matao yanayovuka vuti kutoka ukuta mpaka ukuta yanaitwa dublo. Yvette alikuwa anaandika, anatikisa kichwa kwa adabu. Kisha akauliza: "Papa Octave, asante sana. Na hii dublo inafanya kazi gani?"

"Inaitwa dublo."

"Ndiyo. Lakini kazi yake?"

Octave akatazama juu. Akatazama kaye. "Kazi yake," akasema, "ni kuwa dublo."

Mahamudu alipatwa na kikohozi cha ghafla, akajishika kwenye ngazi. Alipomaliza kukohoa akasema: "Mama injinia, umuhurumie mutani wangu. Anajua majina ya watu wote kwenye arusi, ila hajui nani bwana arusi. Mimi Kifaransa sijui. Nitakuambia vile babu alituambia." Akainua kidole juu. "Hii dari babu aliita mugongo. Hizi tao zinazovuka aliita mbavu. Mugongo bila mbavu unalegea. Sasa, mugongo wa matofali iko nzito, na sababu umepindwa, haukandamizi chini tu. Unasukuma kuta inje, huku na huku, sawa vile tumbo ya mutu ameshiba inasukuma mukanda. Siku zote unasukuma, mchana na usiku, haupumziki. Basi inje babu aliweka wenye kusukuma kurudisha ndani."

"Kontrefo," akasema Yvette.

"Kama ndivyo munaita. Babu aliwaita wakwe. Wanasimama inje, hawaingii chumbani, lakini wakiondoka nyumba inaanguka."

Padiri Ruphin alicheka. Mimi sikucheka. Nilimtazama Octave, nikaona uso wake umekuwa na rangi ya majivu. Alikuwa amefungua kaye kwenye ule ukurasa wenye majani na vichwa vya simba, anaukodolea macho kana kwamba umemtapeli. Loo, Mungu wangu!

Tukatoka nje kuhesabu. Upande wa barabara: sita. Tukazunguka upande wa makaburi, Yvette mbele, sisi nyuma kama watu wanaopelekwa kituoni. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Pale pa sita palikuwa na ukuta mtupu na maua ya Octave yakichanua kwa furaha.

Yvette alitazama ufa ulivyoshuka kutoka juu mpaka pale pale. Akaandika. Akasema: "Basi shida ndiyo hii. Upande huu walisahau moja. Wajenzi wa zamani walikosea hesabu, wakapaka udongo kuficha. Kanisa yenye kosa tangu musingi, mimi siwezi kuwaambia muitengeneze. Nitaandika ibomolewe."

Mzee Mahamudu alikuwa ameinamisha ngazi chini. Kwa kuwa ni makaburi ya Wakristo, hakuwa na sababu ya kupita upande ule, na sijui lini mara ya mwisho aliuona. Alihesabu mwenyewe kwa kidole, taratibu, akahesabu tena. "Babu alisema kumi na mbili," akasema.

"Mzee, ona mwenyewe. Iko kumi na moja."

"Aliniambia mimi kwa kinywa chake. Kumi na mbili."

"Labda alisahau, Mzee," Yvette akasema kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko matusi. Mahamudu, mtu ambaye mdomo wake haujawahi kukosa jibu tangu nimjue, alivua kofia yake, akaitazama ndani, akaivaa tena. Mzee wa miaka sabini, maisha yake yote akipita mbele ya kanisa lile anasema, ona, hilo limejengwa na sisi, sasa anaambiwa mbele ya watu kwamba babu yake hakujua kuhesabu mpaka sita.

Na mimi nilifanya nini? Nilimkanyaga Octave mguu. Naam, nilimkanyaga kwa kisigino, na nguvu zangu zote, kwa maana nilimwona anafungua mdomo. Nilifikiria funguo zake. Nilifikiria furu yangu. Nilifikiria wale wanawake wa sokoni na midomo yao. Wafu wamekufa, nikajisemea, hawasikii aibu, na Mahamudu atasahau. Ndivyo nilivyofikiri, na sijisifu.

Padiri, kuondoa ule uzito, akampa mgeni mkate. Yvette aliuma, akatafuna, uso ukamfunguka. "Mama, huu mukate ni mutamu kweli! Unaoka wapi?"

Nikasema: "Eee... nyumbani tu."

Octave akauvuta mguu wake kutoka chini ya kisigino changu. Akasema: "Unaokwa ndani ya kontrefo ya sita."

Hakuna aliyeelewa. Akalazimika kueleza, na alieleza akiwa amesimama wima, mikono imebana kaye kifuani, kama mtoto anayesoma shairi mbele ya mwalimu mkuu. Mchikichi ulivyoanguka. Matofali. Wiki mbili. Udongo mwekundu, maua. "Ni mimi nilibomoa. Kumi na mbili ilikuwa kumi na mbili. Babu ya huyu mutani wangu hakukosea hata tofali moja. Mimi nilijua jina, sikujua kazi. Miaka yote hii nilikuwa nasoma mishale." Kisha akafungua mkono, akatoa bunda la funguo mfukoni, akamkabidhi Padiri kabla hajaombwa.

Padiri Ruphin alizipokea. Akazitia mfukoni mwake. Yvette alikwenda pale penye maua, akachimba kidogo na ncha ya kiatu, akakuta msingi wa matofali ungali pale chini. Akarudi kwenye karatasi zake, akakata mstari aliokuwa ameandika. "Hiyo ni kitu ingine kabisa," akasema. "Kanisa haikujengwa vibaya. Imevunjwa muguu. Muguu tunaweza kurudisha." Aliagiza ukuta uegemezwe na magogo siku ile ile, kanisa lifungwe miezi mitatu, kontrefo ijengwe upya, halafu vuti ikarabatiwe.

Nilitaka kumkumbatia. Lakini alibaki Mahamudu, na sisi sote tulikuwa tunamngoja. Alimkaribia Octave, pua kwa pua.

"Octave," akasema, "miaka mitatu nanunua mukate kwa bibi yako."

"Ndiyo, mutani."

"Kila asubuhi, na chai."

"Ndiyo."

"Kumbe nilikuwa nakula babu yangu!"

Padiri aligeuka upande wa makaburi, mabega yanamtetemeka. Yvette alikuwa na mkate mdomoni, akashindwa kumeza wala kutema. Hata mimi, na hali yangu ile, nilicheka mpaka machozi, na machozi yenyewe hayakuwa yote ya kucheka.

Lakini mtani akikukamata na kosa, kuna faini, na huwezi kukataa. Mahamudu aliitoa pale pale. Matofali yote yarudi kanisani. Octave alisema ataazima kinga, atayafunga nyuma ya baiskeli hiyo, kwa siku mbili yatakwisha. "Aka!" akasema Mahamudu. "Babu hakukuwa na kinga. Safari kumi na mbili utabeba kwa kichwa, utapita kati ya soko, siku ya soko. Kila safari utaita jina moja ya kaye yako, na utasema kazi yake, watu wote wasikie. Yatakayobaki, kinga ibebe. Na mimi nitakaa kwa kiti nahesabu, sababu inaonekana ukoo wetu hatujui kuhesabu."

Siku nne zilizofuata sijawahi kuona shule kama ile. Mahamudu alikuwa anakuja kwetu asubuhi, wanakaa kwenye narteksi, samahani, kwenye veranda, na kaye katikati. Octave anataja jina, Mahamudu anauliza picha iko wapi, halafu anaeleza kwa mikono, kwa vijiti, kwa viazi vyangu. Timpano, kumbe si pambo tu: tao la juu ya mlango linabeba uzito wa ukuta, ndipo pale katikati panakuwa na nafasi ya kuweka sanamu bila kuogopa. Shapito ni pana juu na nyembamba chini ili tao nene lipate pa kukaa juu ya nguzo nyembamba. "Sawa vile kata kwa kichwa ya mwanamuke," akasema Mahamudu. "Unafikiri bibi yako anaweka kata kwa uzuri?" Na madirisha yalikuwa madogo kwa sababu ukuta unaosukumwa haupendi matundu. Octave alikuwa anaandika yote kwenye nafasi tupu pembeni mwa picha. Mara nyingine alikuwa anasimamisha kalamu, ananitazama mimi nikipita, na kusema polepole: "Mama Naomie, ulijua hii?" Mimi najua nini? Mimi nilikuwa nabomoa furu.

Maana niliibomoa mwenyewe, kwa mikono yangu. Nilianza kwenye mdomo wake, pale palipokuwa na masizi mengi. Nilikuwa na hasira na kila tofali, na hasira zaidi na Octave, kisha nikagundua ni kwa nini. Mbele ya Padiri, mbele ya injinia, hakutaja jina langu. Nilimsumbua miezi miwili, na yeye alisema, "Ni mimi nilibomoa," basi. Wala nyumbani hakulitaja. Laiti angenilaumu, ningempa majibu yake, tungegombana vizuri na mambo yangekwisha.

Siku ya soko ikafika. Alianza mapema. Aliweka matofali manane kwenye ubao, ubao juu ya kata, kata juu ya upara, akaondoka. Mahamudu alikuwa amekaa katikati ya soko kwenye kiti cha plastiki, na glasi ya chai, na kanzu nyeupe kama siku ya Idi. Safari ya kwanza Octave alipiga kelele: "Nefu! Kazi yake ni kukaa watu wote pamoja, na kuwaelekeza macho kwa altare!" Wauza samaki kutoka Nyangwe wakaacha kupima samaki. Safari ya tatu watu walikuwa wanamngoja njiani. Safari ya tano wanamitumba wakawa wanaitikia. Mmoja akasema: "Baba Abside, na tumbo ya Padiri kazi yake nini?" Octave akajibu bila kugeuka: "Hiyo haimo katika kaye!"

Mimi nilikuwa pale na meza yangu, bila mikate, nauza chai tupu. Wanawake walikuwa wananijia mmoja mmoja, wananishika mkono. Pole, Mama Naomie. Pole kwa furu yako. Mume naye amekufanyia nini jamani? Mwanaume akiwa mjinga, anayeumia ni mke. Nami nilizipokea hizo pole. Nilizipokea na kichwa kimeinama, kama mjane, nasema asante, asante dada. Pole kumi nilizipokea, kumi na tano. Chai ilikuwa inanipoa mkononi.

Safari ya kumi, shingo ya Octave ilikuwa inatetemeka. Ya kumi na moja alitembea polepole sana, na shati la Pasaka lilikuwa limelowa mpaka kiunoni. Dublo, akasema, kazi yake kubeba mugongo, na sauti ilikuwa ya mtu mgonjwa. Hakuna aliyemtania tena. Hata Mahamudu alikuwa ameweka glasi chini, anasogeasogea kwenye kiti, na nilijua kwamba anatafuta namna ya kusamehe bila kuvunja utani. Lakini Octave alirudi nyumbani kuchukua mzigo wa kumi na mbili, na mimi niliinuka, nikamfuata.

Nilimkuta anajitwisha. Nilizungusha kitenge changu cha bega kikawa kata, nikapanga matofali sita ya mdomo wa furu, yale ya masizi, nikajitwisha, nikatoka nyuma yake. Hakuniona. Mtu aliyebeba matofali kichwani hawezi kugeuka.

Tulipofika katikati ya soko alisimama mbele ya kiti cha Mahamudu. Akavuta pumzi. "Kontrefo!" akasema. "Kazi yake kusimama inje, kushikilia ukuta usianguke!"

Nami, nyuma yake, kwa sauti ambayo sikujua ninayo: "Na mimi Marcelline! Nilimusumbua miezi mbili mpaka akaibomoa! Furu ilikuwa yangu, mukate ulikuwa wangu, na kosa ni langu! Zile pole zenu muzichukue, sikustahili hata moja!"

Masizi yalikuwa yananitiririkia usoni pamoja na jasho, nafikiri nilikuwa natisha. Mahamudu alisimama kutoka kwenye kiti chake, mzee mzima, akasogea pembeni kutupisha njia.

Octave alibaki amesimama, shingo imekaza, hawezi kunitazama. Halafu akasema, polepole, mbele ya watu wote: "Mama Naomie, shika kwa mikono mbili. Huku mbele iko matope."

Nikashika kwa mikono miwili, tukaenda.